Unauza kitu cha zamani mtandaoni ukiwa Amu? Eleza hali yake hivi

Kifurushi kinachotoka Amu, yaani Lamu, kwenda kwa mnunuzi wa Nairobi huvuka kwa boti hadi Mokowe, hupakiwa kwenye basi, na njiani hushushwa na kupandishwa na mikono ya watu usiowajua. Mnunuzi akikifungua na kukuta ufa ambao hukuutaja, safari yote hiyo inarudiwa kinyumenyume, na nauli ni juu yako.

Wauzaji wengi hapa kisiwani hujitahidi sana kwenye picha. Kitu huwekwa darani wakati jua linatua, au mbele ya mlango wa kuchongwa wa jirani. Ikija zamu ya maelezo, unakuta mstari mmoja: "Kasha la kale, hali nzuri, bei maelewano." Mtu aliye Eldoret atajuaje kama bawaba zinafanya kazi? Mnunuzi wa vitu vya zamani haogopi kasoro, maana anajua kitu kimeishi. Anaogopa kasoro atakayoikuta mwenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu wote una msimamo mmoja: itaje wewe kwanza, useme ilipo na ukubwa wake, kabla hujaulizwa.

Hatua ya 1: Hakikisha kitu chenyewe chauzika

Tuanze na lile ambalo watu hawapendi kulizungumza. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika ambacho kilitengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na hati. Kufanya biashara ya vitu hivyo kunataka leseni, na kuvitoa nje ya nchi kunataka kibali. Milango na fremu za milango zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1946 zina ulinzi wake katika sheria hiyohiyo. Mji wetu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mlango uliong'olewa kwenye nyumba ya mtaa wa Mkomani ukaonekana kwenye Facebook hauchukui muda kutambuliwa na watu wa mtaa.

Sasa fikiria yule anayeandika "kasha la miaka 200" ili kupandisha bei. Ama amesema uongo, ama amekiri hadharani kwamba anauza kitu kinachohitaji leseni. Yote mawili hayamfai. Kama una sababu ya kuamini kitu chako ni cha kabla ya 1895, kipeleke kwanza Makumbusho ya Lamu kikaangaliwe, kisha ndipo ufikirie tangazo.

La pili ni vifaa vilivyotumika. Viti vya enzi (viti vya heshima vya Waswahili) vya zamani vilipambwa kwa vipande vya mfupa na vingine kwa pembe ya ndovu. Yapo majambia yenye mipini ya pembe ya faru. Vitana na vijisanduku viko vya magamba ya ng'amba. Pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa havitangazwi, wala havifichwi chini ya jina la "mfupa". Kuwa navyo au kuviuza bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na kurithi kutoka kwa nyanya si kibali. Kwa macho, mfupa una vijidoa na vijishimo vyeusi vidogo mno, mahali palipopita mishipa ya damu. Pembe ya ndovu ni laini, na ikikatwa upande wa mviringo huonyesha mistari myembamba inayopishana. Ukiwa na shaka, usipige hata picha ya kutuma. Ulizia ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Hatua ya 2: Kikague kabla ya kukisafisha

Hapa ndipo vitu vingi vizuri vinapoharibiwa. Mtu akitoa sinia la shaba stoo, kitu cha kwanza ni ndimu na majivu, au ukwaju, au dawa ya kopo kutoka dukani, na kusugua mpaka uone uso wako humo. Kwa sinia la kupakulia biriani arusini, sawa. Kwa sinia la kuuzia mtu anayekusanya, umemnyang'anya ile rangi ya ukongwe ambayo ilichukua miaka mingi kujengeka na hairudi kwa wiki moja. Anayetaka ling'ae atalisugua mwenyewe. Sarafu ndizo zisizosuguliwa kabisa, hata zile senti kumi za tundu zilizojaa kwenye makopo ya bibi zetu.

Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Kisha chukua vitu vinne: tochi ya simu, sumaku, futi kamba, na karatasi ya kuandikia. Tochi usiimulike kwa mbele. Ilaze pembeni karibu na uso wa kitu ili mwanga upite sambamba nao, na kila bonyeo na mkwaruzo utaweka kivuli. Anza chini: kitako, miguu, mgongo, ndani ya kifuniko, pale pasipotazamwa na mgeni. Fungua kila kinachofunguka. Nusa pia. Sanduku lililokaa na nguo zenye ukungu lina harufu ambayo picha haiionyeshi, na mnunuzi ataipata mara ya kwanza tu akilifungua.

Andika kila unachokiona papo hapo. Kumbukumbu ya muuzaji ina tabia ya kusahau kasoro.

Hatua ya 3: Sema ni nini, cha nini, na umekijuaje umri wake

Kuna watu hapa Amu ambao hadi leo wanatengeneza viti vya enzi na makasha ya njumu (misumari ya mapambo), kazi safi kabisa. Hakuna aibu kuuza kazi hiyo. Aibu ni kuiita ya kale. Kama ni mpya kwa mtindo wa zamani, andika hivyohivyo: "kimetengenezwa Amu miaka ya karibuni, kwa mtindo wa zamani." Wapo wanunuzi wanaotafuta hicho hasa, maana kinakalika bila hofu.

Kwa kilicho cha zamani kweli, umri uandikwe pamoja na ushahidi wake. Ushahidi upo mahali pa aina tatu.

Kwanza chata, yaani alama ya mtengenezaji, na maandishi. Kitu kilichoandikwa West Germany kilitoka kati ya 1949 na 1990. Kilichoandikwa Czechoslovakia hakiwezi kuwa kilitengenezwa baada ya 1992. Bakuli na masinia ya enameli mara nyingi yana chata chini, kwa hiyo geuza. Cherahani ya Singer ina namba iliyogongwa kwenye kitanda cha mashine, na namba zinazoanza na herufi ni za kuanzia 1900. Orodha za namba hizo zipo mtandaoni, na zitakupa mwaka au karibu na mwaka. Mashine nyingi za namna hiyo zilitoka kiwanda cha Clydebank huko Uskochi, ambacho kilifungwa 1980.

Pili, namna kilivyoungwa. Skurubu yenye kichwa cha msalaba ilisajiliwa Marekani katika miaka ya 1930. Ukiiona kwenye bawaba ya kasha unaloambiwa ni la babu wa babu, basi ama bawaba imebadilishwa ama kasha lenyewe si la umri huo. Plaiwudi chini ya droo, misumari inayong'aa yote kwa namna moja, alama za msumeno wa mashine zilizonyooka kama rula: yote hayo yanasema kitu. Mbao iliyofanywa kwa mkono huwa na mawimbi kidogo ukiipapasa kwa kiganja upande wa ndani.

Tatu, habari za wenye nyumba. Hizi zina thamani, lakini ziandikwe kama zilivyo: "aliyeniuzia anasema lilikuwa la nyanyake, naye alilikuta nyumbani akiwa mtoto, miaka ya 1950." Hapo umeweka neno kwa mwenyewe. Usiligeuze kuwa "kasha la mwaka 1900".

Usipojua kitu, acha. "Umri sijui, halina chata" ni sentensi kamili na haijawahi kumletea mtu ugomvi.

Hatua ya 4: Eleza kasoro, kila moja kwa kitenzi chake

"Imechakaa kidogo" haitoshi. Kiswahili kina hazina hapa na wauzaji hawaitumii. Kitu hubonyea, hupinda, hupasuka, humeguka, hubanduka, huchubuka, huchujuka, hulegea, hutoboka, hubunguliwa. Kila kimoja kina bei yake. Sinia lililobonyea linanyooshwa na fundi, lililotoboka linataka kulehemiwa. Toa kitenzi, kisha mahali, kisha kipimo: "ukingo umemeguka, upande wa kulia wa mpini, milimita 4." Na pande uzitaje kwa mtu anayekitazama kitu kwa mbele, mara moja mwanzoni, ili msipotezane.

Mbao zinataka maneno mengi kuliko vyote. Sema aina ya mbao kama unaijua kwa hakika. Mbambakofi, mvule, msaji na mkangazi havifanani bei. Usipojua, peleka kwa seremala mzee, hawakosekani. Halafu tafuta vijitundu. Wadudu wa mbao huacha vitundu vya duara vidogo kama vya pini, na swali la mnunuzi litakuwa moja: wapo au walishaondoka? Njia ya kujibu ni rahisi. Kung'uta unga wote, weka karatasi nyeusi chini ya kitu, kiache siku kadhaa bila kukigusa. Ukikuta unga mpya mweupe, wapo, na usikiuze hivyo, kwa sababu utakuwa umemtumia mtu wadudu nyumbani kwake. Karatasi ikibaki safi, andika: "kuna vijitundu vya zamani mguu wa nyuma kushoto, takriban kumi, hakuna unga mpya." Mchwa ni habari nyingine. Hula ndani na kuacha ganda, kwa hiyo gonga miguu kwa kifundo cha kidole. Pakitoa sauti ya utupu, bonyeza, na uandike ulichokikuta.

Kuna jambo la mbao ambalo mnunuzi wa bara halijui na ni wajibu wako kumwambia. Mbao iliyokaa miaka na miaka kwenye unyevu wa Amu imejaa unyevu huo. Ikipanda hadi Nairobi, kwenye hewa kavu ya zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, itasinyaa. Maungio yatafunguka kidogo, na ubao mpana uliobanwa kwa misumari unaweza kupasuka. Mwandikie asiliweke karibu na dirisha la jua wala meko. Kama kuna ufa sasa, upime urefu na upana na upige picha yenye rula, ili ukiongezeka huko mjue wote wawili ulianzia wapi.

Kwenye kasha la njumu, hesabu. Njumu ni ngapi zimetoka, ngapi zimebadilishwa kwa misumari ya rangi nyingine. Bati za shaba za pembeni zote zipo? Kitasa kina ufunguo? Ufunguo ukiwepo, unazunguka au ni wa kuning'inizwa tu? Watoto wa ndani (droo ndogo) wanatoka bila kukwama? Na kifuniko kinasimama chenyewe kikifunguliwa, au kinaanguka? Hili la mwisho watu husahau kulisema, na mnunuzi hulijua akibanwa vidole.

Shaba ina jaribio la sekunde moja. Weka sumaku. Shaba nyekundu na shaba ya manjano hazivutwi. Sumaku ikinata, ndani ni chuma kilichopakwa. Bahari yetu huifanya shaba iote kutu ya kijani kwenye mikunjo na maungio, na lazima utofautishe rangi iliyotulia na ile kutu ya unga inayotoka ukiigusa, kwa sababu hiyo ya pili bado inakula. Angalia lehemu: mstari wa kijivu kwenye shina la mdomo au la mkono ni alama ya fundi. Kwa vyombo vya kupikia na kunywea, mulika ndani. Vyombo hivi vilitiwa bati ndani ili chakula kisigusane na shaba. Bati likishatoka, chombo ni cha pambo mpaka kitiwe jingine, na hilo liandikwe wazi, si kwa fumbo.

Kaure na udongo: shika kwa ncha za vidole, gonga ukingo kwa ukucha. Nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Mulika tochi kwa nyuma uone nyufa zisizoonekana. Vile vijimistari vingi kama mtandao wa buibui kwenye ung'azi (lile tabaka linalong'aa juu) si ufa wa chombo chenyewe, lakini vitaje. Sahani zilizokuwa zikipangwa kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) wakati mwingine zina pini za chuma nyuma, kazi ya mafundi wa zamani waliokuwa wakiunga vipande vilivyovunjika kwa kuvitoboa na kuvifunga. Usizitoe. Wapo wanaozipenda sahani kwa ajili ya pini hizo, na hata asiyezipenda ana haki ya kuziona.

Nguo, kofia na mikeka: doa, tundu, mahali palipochujuka, harufu, vipimo. Hazina mengi zaidi.

Hatua ya 5: Kinafanya kazi au hakifanyi?

Kuna majibu manne tu, na usichanganye. "Kinafanya kazi, nimekijaribu hivi." "Kinafanya kazi nusu." "Hakifanyi kazi." "Sijakijaribu, kwa sababu hii." Hilo la nne ndilo linalotumika vibaya. Anayeandika "sijaijaribu redio" huku ana soketi ya umeme nyuma yake haaminiki, na mnunuzi mzoefu husoma "sijaijaribu" kuwa "imekufa". Kama hukujaribu kwa kuogopa waya uliochubuka, sema ni waya. Hiyo ni sababu ya kweli, tena ya busara.

Eleza jaribio lenyewe. Redio: ilishika stesheni gani, kwenye mawimbi gani, kitufe cha sauti kinakwaruza au hakikwaruzi. Fungua mahali pa betri, kwa maana betri zilizoachwa ndani huvuja na kula vyuma vya kugusana. Redio ya kaseti inaweza kuwaka taa zote na isizungushe mkanda, kwa sababu mikanda yake ya mpira huyeyuka na kuwa kama lami kwa umri. Saa ya ukutani ya kutia ufunguo: ilitembea muda gani bila kusimama, ilichelewa dakika ngapi kwa siku, inagonga saa au imenyamaza. Karabai: inashika pumzi ukiipampu, au inavuja? Cherahani: ilishona mshono kwenye kitambaa gani, ambatanisha picha ya mshono huo.

Santuri zina mambo yake. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika ni za malighafi inayovunjika kama sahani, zile za plastiki hupinda zikipigwa na jua. Sema ni ipi, na ueleze uso na jalada mbalimbali. Ukiuzia wakusanyaji wa nje utakutana na madaraja yao, ambayo ndani yake daraja la Good liko karibu na mkia, likimaanisha santuri iliyochoka inayochezeka kwa makelele. Kwa hiyo usimwandikie Mzungu "good" kwa ukarimu wako. Atakulipa kwa hesabu ya daraja lake la chini.

Hatua ya 6: Taja mkono wa fundi

Kila kilichobadilishwa, kuunganishwa, kupakwa rangi au kupigwa vanishi kitajwe, na kama unajua ni lini, useme. Sehemu hii wauzaji huiruka wakidhani matengenezo ni sifa inayojieleza yenyewe. Kwa mkusanyaji, mguu mpya kwenye kiti cha zamani unashusha thamani hata uwe umechongwa vizuri kuliko ile mitatu. Kamba za kiti cha enzi zilizosukwa upya, sawa, ndizo zinazokifanya kikalike, lakini si za asili. Vanishi inayong'aa juu ya mbao nzee ni kilio changu binafsi: imefunika mikwaruzo, imefunika rangi, na kuitoa ni kazi ya siku nyingi. Ikiwa ilishapigwa kabla hujakinunua, andika tu: "imepigwa vanishi, si na mimi."

Hatua ya 7: Chagua neno moja la hali, na ulifafanue

Baada ya kukagua ndipo unapostahili kuandika neno la jumla. Mimi hutumia manne na kuyaweka chini ya kila tangazo. Kizima: hakina ufa, hakuna kipande kilichopungua, kinafanya kazi yake, alama za matumizi zipo. Kina kasoro: kinatumika, ila kuna kitu kimemeguka, kimelegea au kimepungua, na kimetajwa. Kimetengenezwa: kuna sehemu isiyo ya asili. Cha kufufua: hakitumiki kama kilivyo, kinamtaka fundi.

"Kama kipya" sitaki kukiona kwenye kitu cha zamani. Wala "hali nzuri kulingana na umri wake", sentensi inayomwachia mnunuzi kazi ya kukisia ambayo wewe umelipwa kuifanya.

Hatua ya 8: Picha zifuate maelezo

Kila kasoro uliyoiandika iwe na picha yake, yenye rula au sarafu ya shilingi kando. Piga kwenye kivuli cha daka (kibaraza cha mlangoni) asubuhi, si chini ya jua la adhuhuri linalofuta rangi, wala usiku chini ya taa inayoifanya kila shaba ionekane dhahabu. Usitumie vichujio vya simu. Picha moja ya uzuri, zilizobaki za ukweli.

Hatua ya 9: Andika tangazo

Utaratibu ni huu: kitu na malighafi, vipimo, umri na ushahidi, kasoro, matengenezo, matumizi, bei na usafiri. Mfano, wa dele, yaani birika la kahawa:

"Dele la kahawa la shaba ya manjano, la zamani. Kimo sentimita 31 pamoja na kifuniko, kitako sentimita 17, uzito kilo 1.4. Halina chata, aliyeniuzia, wa mtaa wa Langoni, anasema analikumbuka nyumbani kwao tangu miaka ya 1960. Sumaku hainati mwilini, inanata kwenye ribiti moja ya mkono, ambayo ni ya chuma na iliwekwa baadaye. Ukilitazama mdomo ukiwa kushoto: tumbo limebonyea chini ya mkono, upana wa sentimita 3, halikutoboka. Kuna lehemu ya kijivu kuzunguka shina la mdomo. Bawaba ya kifuniko imelegea, lakini kifuniko kinafunga. Kitako kimeungua na kuwa cheusi kwa makaa. Bati la ndani limetoka karibu lote, kwa hiyo ni la pambo, si la kunywea. Halivuji. Halikusuguliwa. Hali: limetengenezwa. KSh 5,000, kulifunga ni juu yangu, nauli ya basi juu yako."

Ni maneno mia moja na ushei. Msomaji asiyelitaka ataondoka bila kukupotezea muda, na anayelitaka anakuja hivi:

"Assalam aleikum. Dele bado lipo?"

"Waaleikum salaam. Lipo, kaka."

"Halivuji kweli?"

"Nimelijaza maji nikaliweka juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti kavu. Ila kahawa usilitilie, bati la ndani limetoka."

"Nimeona. Na hilo bonyeo je? Nikupe elfu tatu na nusu."

"Bonyeo limo kwenye tangazo, kaka, nalo nimeshalitoa kwenye bei. Bila hilo na lehemu ya mdomo ningeomba saba. Nikukatie mia tatu, tuhesabu ni nauli yako."

Angalia ilivyokwenda. Kasoro ambayo imeshatajwa na kuhesabiwa haiwezi kurudi mara ya pili kama silaha ya kupunguza bei. Ile iliyofichwa hurudi baada ya mzigo kufika, na hapo huna la kujibu.

Hatua ya 10: Funga, tuma, weka kumbukumbu

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya inasema kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora na hali ya bidhaa. Maelezo yako kwenye WhatsApp ni sehemu ya mapatano. Ukibadilisha neno baada ya kulipwa, hata kama ulikosea tu namba, mwambie mnunuzi na upate jibu lake kwa maandishi kabla ya kutuma.

Siku ya kufunga, piga video fupi ya kitu kizima, ukizungusha kila upande, kisha kikiingia kwenye sanduku na sanduku likifungwa kwa utepe wa gundi. Vitu vyenye kifuniko, kifuniko kifungwe peke yake. Kaure iwe na sponji pande zote na isigusane na ukuta wa sanduku. Msimu wa kusi bahari huchafuka na maji huruka ndani ya boti, kwa hiyo plastiki iwe nje na ndani. Nakala ya tangazo, ileile yenye kasoro zote, ichape au iandike kwa mkono uiweke juu ya kitu kabla ya kufunga, ili atakayefungua, hata kama si yule aliyenunua, asome kwanza.

Mtumie mnunuzi video hiyo pamoja na namba ya stakabadhi ya basi. Mwombe naye apige video akifungua. Tangazo usilifute hadi aseme amekipokea na hana swali.